Kuichagulia Kompyuta Kuukuu Kiendeshi cha Disketi

Disketi ya inchi 5.25 iliyoandikwa mwaka 1984 haimwambii mtu lolote kwa kuitazama. Katika nyumba ya Mukendo, mjini Musoma, ambako upepo wa ziwa huleta unyevu na kiangazi huleta vumbi, boksi la disketi za namna hiyo huenda likawa na nakala pekee ya hesabu za duka, maandalio ya masomo ya mwalimu, au barua za mtu aliyekwisha kufariki. Mwenye boksi akitafuta kiendeshi chenye nafasi kubwa zaidi, naye hajui kinavyofanya kazi, aweza kuziharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Kompyuta za nyumbani za wakati huo ni chache nchini. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge tangu mwaka 1981 na kuenea sana katika shule za Uingereza. Umeme wake wa mizunguko 50 kwa sekunde na picha zake za mtindo wa PAL zalingana na vifaa vya Tanzania, kwa hiyo haihitaji kubadilishwa ili itumike Musoma.

Disketi huandikwa katika njia za mviringo, mfano wa pete zilizozungukana. Viendeshi vya mwanzo vya BBC Micro viliandika njia 40 upande mmoja. Kila njia ina vipande 10 vya baiti 256, yaani baiti 102,400 kwa jumla, au kilobaiti 100. Kiendeshi cha njia 80 hupata kilobaiti 200 kila upande, kwa kuwa njia zake ni nyembamba: upana wake ni kama milimita 0.16, ilhali ule wa njia za zamani ni kama milimita 0.33.

Hapo ndipo penye hatari. Kiendeshi cha njia 80 chaweza kusoma disketi ya njia 40 bila taabu, mradi kichwa chake kiruke hatua mbili badala ya moja. Viendeshi vingi vina swichi ya kazi hiyo. Bali kikiandika juu ya disketi hiyo, kichwa chake chembamba hufuta sehemu tu ya upana wa njia, na masalio ya maandishi ya kale hubaki kando. Kiendeshi hicho hicho kitayasoma maandishi mapya vizuri, na mwenyewe ataridhika. Siku disketi itakapotiwa katika kiendeshi cha njia 40, kichwa kipana kitasoma mapya na masalio kwa pamoja, na kisipate maana. Basi kusoma kunaruhusiwa, kuandika hapana. Kipande cha karatasi yenye gundi juu ya pengo lililo ubavuni mwa disketi huzuia kuandika kabisa, nacho kibandikwe kabla ya jaribio lolote.

Wapo wanaovutiwa na viendeshi vya kompyuta za ofisini vya megabaiti 1.2, ambavyo kwa sura havitofautiani na vile vya njia 80. Hivyo aghalabu huzungusha disketi mara 360 kwa dakika badala ya 300, na habari humfikia msimamizi, yaani chipu inayoongoza kiendeshi, kwa kasi asiyoweza kuifuata. Disketi zake nazo zimepakwa dawa inayohitaji nguvu ya sumaku karibu maradufu. BBC Micro ikiandika juu ya disketi hizo, maandishi hayakai. Kwa ufupi, ni fedha iliyotupwa.

Nafasi kubwa kweli haipatikani kwa kubadili kiendeshi peke yake. Chipu ya kwanza ya BBC Micro, Intel 8271, huandika kwa msongamano wa kawaida tu. Ile iliyoifuata, WD1770, huandika kwa msongamano maradufu, na pamoja na programu ya ADFS hutia vipande 16 katika kila njia: njia 80, pande mbili, jumla kilobaiti 640. Faida hiyo ina gharama zake. ADFS hula kilobaiti 1 zaidi ya kumbukumbu kuliko programu ya zamani ya disketi, jambo ambalo si dogo katika mashine yenye kilobaiti 32 tu. Na baadhi ya michezo iliyozungumza na 8271 moja kwa moja hukataa kufanya kazi.

Viendeshi vya inchi 3.5 ni rahisi kupatikana kuliko vya 5.25, navyo pia hufaa, ila havitatoa megabaiti 1.44 zilizotajwa katika tangazo. Vitatoa kilobaiti 640 zile zile. Kwa kuwa aghalabu vimetengenezwa kuitikia kama kiendeshi cha pili, mashine itavitambua kwa namba 1 wala si 0. Zaidi ya hayo, havisomi boksi la zamani. Ndivyo ilivyo pia kwa viigizi vya kisasa vinavyotumia kijiti cha kumbukumbu: ni vizuri kwa kazi mpya, lakini havina mlango wa disketi.

Kwa mtu wa Mukendo mwenye boksi, chaguo bora ni kiendeshi cha inchi 5.25 cha njia 80, pande mbili, chenye swichi ya 40 na 80, na chenye ugavi wake wenyewe wa umeme. Kabla ya kuwasha, kapasita za kuchuja umeme zilizomo ndani ya mashine zibadilishwe na fundi, kwani zile za asili hupasuka kwa uzee na kujaza chumba moshi.

Kila disketi ichunguzwe mwangani. Yenye madoa meupe ya kuvu isitiwe kabla ya kusafishwa, maana kuvu hukwangua dawa, hung'ang'ania kichwani, na kuikwangua disketi inayofuata. Kichwa kipanguswe kwa spiriti safi kila mara msomo unapoanza kukosea. Swichi iwe kwenye 40 mpaka disketi ya mwisho ya boksi imekwisha kunakiliwa.