Vilima vya Gusii: Utalii wa Mashambani na Mandhari Iliyolimwa

Utangulizi

Utalii unapotajwa nchini Kenya, fikra za wengi hukimbilia mbuga za wanyama na fuo za Bahari Hindi. Kaunti za Kisii na Nyamira hazina mbuga ya taifa wala ufuo. Mgeni anayetoka Kisumu kwenda Maasai Mara kwa njia ya Kilgoris huzipita akichungulia dirishani, akasimama mjini Kisii kununua sanamu ya jiwe la sabuni, kisha akaendelea na safari. Hata hivyo, nyanda hizi za juu zina vilima, mito, mashamba ya chai na migomba, na machimbo ya mawe, mambo ambayo kwingineko duniani huwavuta watu wa mijini kwenda kupumzika. Makala haya yanaeleza utalii wa mashambani ni nini, eneo la Gusii lina nini cha kuonyesha, na kwa nini uzuri wake hauwezi kutenganishwa na jembe la mkulima.

Dhana ya Utalii na Mandhari

Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu. Mandhari ni kile kinachotazamwa. Kutalii, kwa asili yake, hukaribiana na kudurusu na kuchunguza. Kwa hiyo mtalii, kwa maana kamili ya neno, ni mtu anayesafiri ili ajifunze kwa macho yake. Wahenga walilisema jambo hilo kwa ufupi: tembea uone.

Utalii wa mashambani, basi, ni matembezi ya kujifunza katika nchi inayolimwa na kukaliwa. Unatofautiana na utalii wa mbugani katika jambo moja la msingi. Mbugani, mgeni hulipa langoni, na ardhi ni hifadhi inayosimamiwa na serikali au jamii. Mashambani hakuna lango. Kila hatua ya mgeni iko karibu na mpaka wa shamba la mtu, na ruhusa yake hupatikana kwa desturi ya kale ya kupiga hodi na kukaribishwa.

Umbo la Nchi na Mvua Yake

Nyanda za Gusii ziko katika miinuko ambayo sehemu kubwa yake ni kati ya meta 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi huteremka kuelekea Ziwa Victoria. Hali hiyo ndiyo siri ya rutuba yake. Jua la mchana linapopasha nchi kavu moto, hewa yenye unyevu huvuma kutoka ziwani, ikakutana na miinuko, ikapanda na kupoa, na mvua ikanyesha. Aghalabu asubuhi huwa na anga safi, na alasiri mawingu hujikusanya. Mvua za masika hushika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Septemba na Novemba, lakini hata miezi iliyosalia haikauki kabisa. Anayetaka kupanda kilima huondoka alfajiri; anayechelewa hurudi amelowa, na udongo mwekundu umemganda viatuni.

Kilima kinachojulikana zaidi ni Manga, katika Kaunti ya Nyamira. Manga ni ukingo mrefu wa mwamba unaoinuka ghafla na kuteremka kwa mporomoko mkali upande mmoja. Siku ya anga safi, aliyesimama juu yake huona nchi ikishuka hatua kwa hatua hadi nyanda tambarare za ziwa, na kwa mbali maji ya Ghuba ya Winam yakimetameta. Viko pia vilima vya Nkoora na Nyabisimba upande wa Nyamira, na Sameta na Nyamasibi upande wa Kisii. Katika miinuko ya Kiabonyoru huanzia Mto Gucha, ambao majirani wa Kijaluo huuita Kuja, na ambao hupita mabonde ya Gusii na Migori hadi ziwani.

Msamiati wa nchi hii una ladha maalumu kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Katika Ekegusii, mgeni ni omogeni, njia ni enchera, maji ni amache na mti ni omote. Mwenye sikio la isimu hutambua mara moja kwamba yuko kwa ndugu. Hata mezani undugu huo hauishi: chinsaga ni mgagani, na rinagu ni mnavu, mboga ambazo huliwa pamoja na obokima, ugali ambao kwa asili husongwa kwa unga wa wimbi.

Mashamba kama Mandhari

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Kisii ilikuwa na watu wapatao 960 katika kila kilomita mraba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 82. Takwimu hizi zinaeleza kile ambacho jicho huona. Hakuna pori kati ya kijiji na kijiji. Kutoka bondeni hadi kileleni ardhi imegawanywa vipande vyembamba vinavyoteremka sambamba: chai, migomba, mahindi, majani ya ng'ombe, miparachichi, mkahawa, kisha nyumba yenye paa la mabati. Rangi za kijani zinazompendeza mpita njia ni mipaka ya urithi wa ndugu.

Kila rangi ina historia yake. Mkahawa uliruhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, wakati sehemu nyingi za koloni bado zilikatazwa kuupanda. Chai ya wakulima wadogo ilienea baadaye, na leo viwanda kama Kebirigo, Sanganyi na Tombe huko Nyamira, na Nyamache, Ogembo na Kiamokama huko Kisii, hupokea majani yanayochumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi. Mgeni akifuatana na wachumaji asubuhi moja hadi kituo cha kununulia chai, hurudi akiijua bei ya kikombe chake kwa namna ambayo hakuna kitabu kingemfundisha. Siku ya soko huko Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, humwonyesha mashamba yote kwa mkupuo, yakiwa yamepangwa chini kwa mafungu na mikungu.

Tabaka na Mawe Yake

Kusini magharibi mwa mji wa Kisii kuna Tabaka, nyumbani kwa jiwe la sabuni. Jiwe hili ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu, nalo hupatikana kwa rangi nyeupe, kijivu, waridi na nyinginezo. Mara nyingi wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake hulisugua jiwe kwa msasa na maji, kisha hulipaka nta ili ling'ae. Kutoka kilima hiki alitoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Anayenunua sanamu dukani hupata pambo. Anayefika Tabaka huona machimbo, vumbi, na mikono mingi ambayo sanamu moja hupitia kabla ya kufungwa katika karatasi.

Yaliyo Hatarini

Mandhari iliyolimwa ina udhaifu wake: hubaki nzuri mradi mkulima aendelee kulima. Urithi unapogawanywa kizazi baada ya kizazi, shamba hufikia kipimo kisichoweza tena kulisha nyumba. Hapo mwenye shamba hutafuta kisichohitaji jasho la kila siku, na aghalabu hicho huwa mkaratusi. Mti huo hukua upesi na huuzwa kama nguzo na kuni, lakini ukipandwa mabondeni hunyonya chemchemi. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya vyanzo vya maji. Agizo hilo halikujibu swali la mkulima: akiung'oa, atapata nini badala yake? Huko Tabaka nako, machimbo yaliyochoka huacha mashimo wazi katika ardhi ambayo zamani ilipandwa wimbi.

Hapa ndipo utalii wa mashambani unapopata maana. Hauwezi kuchukua nafasi ya chai wala kuirefusha ardhi. Unaweza, hata hivyo, kumpa mwenye kilima sababu ya kukiacha kilele wazi, kuitunza chemchemi na kuirekebisha njia. Sharti ni kwamba fedha ya mgeni ifike mkononi mwake. Kijana wa Manga anayeongoza wageni kilimani, mama anayewapikia chinsaga, mzee apigaye obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, na mchongaji anayeuza bila dalali, hao ndio wenye bidhaa. Mgeni akija na chakula chake garini, akapiga picha na kuondoka, amevuna asipopanda.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba uzuri wa vilima vya Gusii ni matokeo ya kazi, na kwamba ziara njema ni ile inayoitambua kazi hiyo na kuilipa. Vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo kila mwaka hupanga ziara za kimasomo, aghalabu kwenda pwani, vingefaidika kuelekea pia upande huu, kwa kuwa lugha, fasihi simulizi na ufundi viko pamoja katika mteremko mmoja. Methali ya Kiswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi ambako ekari imekuwa adimu kuliko mvua, maneno hayo yanapaswa kuchukuliwa kwa uzito wake: mgeni aje, na mwenyeji apone kweli.