Maji Moto ya Bursa na Magoti ya Mama

Mama yangu ana magoti mabaya. Miaka mitatu sasa anasali juu ya kiti, na jambo hilo humwuma kuliko maumivu yenyewe. "Paji langu limeusahau mswala," huniambia, kisha hunyamaza.

Basi tulipomaliza Umra Januari iliyopita, na safari yetu ya kurudi nyumbani ikiwa inapitia Istanbul, nilimwomba tuongeze siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, twende Bursa tukaoge. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kuvuka bahari kwenda kuoga! Kwani Mombasa hakuna maji? (Naam, msomaji wa Mombasa atajijibu mwenyewe swali hilo, kwa kadiri ya mtaa wake.)

Nikamweleza habari za Ibn Battuta. Msafiri huyo wa Tanja alilala usiku mmoja Mombasa mnamo mwaka 1331, akaandika jinsi wazee wetu walivyokuwa wakichota maji kisimani mlangoni pa msikiti na kuosha miguu kabla ya kuingia. Baadaye akafika Bursa kwa Sultan Orhan, na huko akaeleza habari za mto wa maji moto sana uliokuwa ukimiminika katika ziwa kubwa nje ya mji, na nyumba mbili za kuogea kando yake, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Alisema wagonjwa walikuwa wakija kutoka nchi za mbali kutafuta shifa, na wageni walikuwa na nyumba ya kulala na kulishwa kwa siku tatu.

"Ni huyo aliyetusifu kwa usafi?" Mama akauliza. "Basi twende, baba."

Kutoka Istanbul tulipanda feri, tukaikata Bahari ya Marmara kwa muda wa saa mbili hivi, kisha gari hadi mjini. Ama baridi, msiniulize. Sisi tuliozaliwa pwani tukiona kipupwe cha Julai huvaa masweta na kulalamika. Baridi ya Bursa usiku wa Januari hushuka karibu na sufuri, na juu ya mji umesimama mlima Uludağ, wenye urefu wa meta 2,543, umejifunika theluji kama mzee aliyejitanda shuka. Mama alivaa kila alichokuwa nacho, buibui juu ya koti na koti juu ya sweta, akawa mnene hata mlango wa teksi ukamshinda.

Mtaa wa maji unaitwa Çekirge, na maana yake kwa Kituruki ni panzi. Upo kwenye mteremko wa magharibi mwa mji. Mvua na theluji ya mlimani hupenya katika nyufa za mwamba, huteremka chini sana ambako ardhi ina joto, kisha maji hupanda tena yakiwa yamebeba madini ya mawe yote yaliyopita. Hutoka ardhini yakiwa na zaidi ya digrii 40, hata hupozwa kidogo kabla ya mtu kuyaingia. Sisi Kenya tunayo kama hayo Bogoria, tena makali zaidi, lakini hatukuyajengea makuba. Kwa Waswahili hamamu tunaijua kwa jina la Hamamni, Unguja, aliyoijenga Sultan Barghash katika karne ya 19. Ile ilipashwa moto kwa kuni, na leo imekauka, watu huenda kuitazama tu.

Bursa ulikuwa mji wa kwanza mkubwa wa dola ya Kiosmani, tangu Orhan alipoutwaa mwaka 1326. Sultan Murad wa Kwanza alijenga hamamu hapo Çekirge juu ya misingi ya Warumi wa Mashariki. Katika karne ya 16 akaja Rüstem Paşa, waziri mkuu wa Sultan Süleyman, naye akajenga yake. Watawala hao, popote walipojenga msikiti, hawakusahau bafu. Hilo lilinipendeza.

Jumamosi asubuhi tukaenda. Nilikuwa sikulifikiri jambo moja, nalo ni kwamba upande wa wanawake una mlango wake, nami nisingeweza kuvuka. Mama yangu hajui neno la Kituruki, magoti hayamshiki, sakafu ni marumaru yenye maji. Bibi mmoja wa kazi akatoka, akamtazama, akamwita "teyze", yaani mama mdogo, akauliza kwa ishara kama ana presha. Mama anayo. Yule bibi akainua vidole, kumi na tano tu: dakika kumi na tano majini, si zaidi. Kisha akamshika mkono, mlango ukafungwa.

Upande wa wanaume nilivaa kitambaa chao cha kiunoni, ambacho ni kikoi kasoro rangi zetu, nikafunga bila kufundishwa, kitovu hadi chini ya magoti. Maji yalikuwa katika birika la duara chini ya kuba lenye vitundu vya mwanga. Nilipozama hadi shingoni nilisikia mifupa ikilegea mmoja mmoja. Baadaye mzee mwenye masharubu akanilaza juu ya marumaru yenye moto, akavaa mfuko mkononi mkavu kuliko dodoki lolote la kwetu, akanisugua. Mimi niliyejidhania msafi niliona taka zikitoka zimejiviringa kama tambi. Mzee akanionyesha kwa fahari. Lakini raha yote hiyo sikuimaliza, kwa kuwa kila nikisikia kishindo nilidhani ni mama ameanguka.

Nilitoka mbele, nikakaa sebuleni na gilasi ya chai, macho mlangoni. Dakika zikapita, arubaini, hamsini. Alipotoka uso wake ulikuwa mwekundu unang'aa, na nyuma yake wanawake watatu wazee wakimwaga kama bibi harusi. "Sıhhatler olsun," wakamwambia, na hapo hapo mama akacheka, kwa kuwa alilisikia neno siha. Huyaona maneno yetu kila mahali: sabun, şifa, hamam.

Akanihadithia. Alikataa kuvua leso. Wale wanawake hawakukasirika, walimwacha aingie nayo, isipokuwa walitaka kujua maandishi ya pindoni yanasema nini, naye hakuwa na lugha ya kuwaeleza. Mmoja akamkanda magoti majini. "Walinisugua kama mwari wa singo," akasema. "Kasoro liwa."

Adhuhuri tulisali Ulu Cami, msikiti mkuu wenye makuba ishirini. Husimuliwa kwamba Sultan Bayezid aliweka nadhiri ya misikiti ishirini akishinda vita vya mwaka 1396, akaishia kujenga mmoja wenye makuba ishirini. Katikati, ndani kabisa ya msikiti, kuna chemchemi ya kutawadhia, na sauti ya maji haikatiki. Mama alisali kitini.

Chakula cha mchana kilikuwa kebabu ya İskender, nyama iliyomiminiwa siagi ya moto na mtindi pembeni. Mama aliutazama mtindi huo kwa mashaka hadi mwisho.

Alasiri, hotelini, nilisikia akiniita kutoka chumba chake kwa sauti nisiyoijua. Nikakimbia. Nilimkuta chini, juu ya mswala, ameinama, paji limegusa zulia, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nimesujudu, mwanangu," akasema. "Nimemaliza kutoa salamu, nikaona nirudi chini nishukuru. Sasa kuinuka kumenishinda. Ninyanyue."

Nilimnyanyua, sote tukicheka, akaketi kitandani akipangusa macho na ncha ya leso. Sitamdanganya mtu. Daktari wake wa Mombasa aliniambia baadaye kwamba maji ya moto hulegeza viungo na kupunguza maumivu kwa muda, na gegedu iliyokwisha liwa hairudi. Jumapili asubuhi aliingia majini tena, akasujudu tena, nami nikiwa nimesimama karibu. Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani, magoti yakakaza na kiti kikarudi mahali pake.

Juzi nilimkuta jikoni ameteleka sufuria kubwa ya maji, na pembeni ndoo na chumvi ya mawe. Akaniuliza nauli ya Bursa mwezi wa Januari ni kiasi gani. Nikamtajia. Akaguna, akaongeza kuni.