Picha za filamu na picha za dijitali

Picha za filamu na picha za dijitali ni matokeo ya njia mbili za upigaji picha. Katika njia ya kwanza, mwanga hugusa mkanda wa plastiki uliopakwa chumvi za fedha. Mkanda husafishwa kwa kemikali na kutoa negativu, ambazo huweza kuskaniwa ili zitumike kwenye kompyuta. Katika njia ya pili, mwanga hupokelewa na kihisi cha kielektroniki na picha huhifadhiwa moja kwa moja kama faili. Uchaguzi kati ya njia hizo hutegemea gharama, mazingira na muda ambao picha inatakiwa kudumu.

Historia

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani. Picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu. Filamu iliendelea kutumika zaidi hadi miaka ya 2000. Zanzibar, studio ya Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 inajulikana kwa picha zake za zamani za Unguja, zilizopigwa kwa filamu.

Ubora

Fremu moja ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa inchi, hutoa pikseli takriban 3,400 kwa 2,270, yaani karibu megapikseli 8. Kiasi hicho kinatosha kuchapa picha ya sentimita 29 kwa 19. Kamera nyingi za dijitali za leo hutoa megapikseli 20 au zaidi, kwa hiyo anayetafuta ukali pekee hana sababu kubwa ya kununua filamu.

Tofauti nyingine ni mwanga. Negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi kiasi, lakini ikipata mwanga pungufu sehemu za kivuli hupotea. Kwa dijitali ni kinyume: kivuli huweza kuangazwa baadaye, bali sehemu nyeupe iliyopitiliza hairudi.

Mfano wa Mishamo

Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi kutokana na mauaji ya mwaka 1972. Leo yamo katika mkoa wa Katavi, nchini Tanzania. Mwaka 2014 wakazi wengi wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Kwa mpiga picha wa mahali kama hapo, mbali na miji mikubwa, filamu ina matatizo: mkanda wa kawaida una picha 36 tu, joto huuharibu, na lazima usafirishwe hadi penye maabara. Kamera ya dijitali au simu huchajiwa hata kwa umeme wa jua, na matokeo huonekana papo hapo. Kwa picha mpya, basi, dijitali ndiyo nafuu.

Picha za zamani ni jambo jingine. Miaka ya mwanzo ya makazi ilikuwa wakati wa filamu. Familia yenye negativu za wakati ule inashika kumbukumbu isiyoweza kupigwa upya, na unyevu wa masika huziotesha ukungu.

Uhifadhi

Negativu huonekana kwa macho bila mashine, lakini ipo moja tu. Faili hunakiliwa bila kupungua ubora, lakini hupotea simu au memori kadi ikiharibika. Kwa hiyo inafaa:

* kushika negativu kwenye kingo na kuziweka mahali pakavu, penye baridi;
* kuziskani na kuhifadhi faili za TIFF, ambazo hazipunguzi ubora kama JPEG;
* kuweka nakala mahali pawili au zaidi;
* kuandika majina, mahali na mwaka, wazee wanaowatambua watu wa pichani wakiwa bado hai;
* kutozitupa negativu baada ya kuziskani, kwa kuwa skana bora zaidi huweza kupatikana baadaye.