Milima Yetu ya Uluguru (4): Ua la Baridi Lisilo na Bustani Kwao

Aprili Mosi imepita, na kama ilivyo ada magazeti yamejaa picha za viongozi wameshika koleo kando ya miche. Sina ugomvi na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Ugomvi wangu ni juu ya kile tunachopanda, hasa majumbani. Pita mitaa ya Morogoro uchungulie nyuani: bogenvilia ya Brazili, mkrismasi wa Madagaska, mjakaranda wa Amerika ya Kusini. Mmea wenye asili ya Uluguru, mlima unaoutazama mji huo asubuhi na jioni, utautafuta kwa tochi.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua jinsi ukungu wa bahari unavyoulisha Mto Ruvu, na kwa nini milima hii ina viumbe wasiopatikana kwingine. Sitarudia hayo. Leo nataka mmea mmoja tu, ambao nimeupenda tangu ujana wangu: saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika.

Habari ya ua hili huanzia Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta porini akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba alikuwa mpenzi wa mimea. Akalikuza, kisha akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa wataalamu na kulipa jina la familia hiyo. Haukupita muda mbegu zikawa zinauzwa na kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, wakaagiza mbegu Ulaya, wakachagua miche bora na kuitia sokoni. Mwaka 1946 Wamarekani walikwisha kuunda chama chao cha wapenzi wa ua hili. Leo hukuzwa kwa mamilioni ya vyungu, na bibi wa Chicago hulitunza dirishani theluji ikianguka nje.

Wengi waliowahi kusikia habari hii hudhani ni ya milima ya Usambara huko Tanga peke yake. Hapo ndipo Uluguru inaponyimwa haki yake. Mwaka 1898 mtaalamu mwingine wa mimea, Walter Goetze, alipanda milima yetu hadi uwanda wa juu wa Lukwangule, kwenye zaidi ya mita 2,400. Alikusanya kwa bidii ya ajabu. Lobelia ya Lukwangule, inayobeba jina la uwanda huo hadi leo, ilitokana na safari yake. Aliondoka Uluguru pia na saintpaulia isiyofanana na za Tanga. Adolf Engler wa Berlin aliipa jina la goetzeana mwaka 1900, lakini Goetze hakuliona jina hilo likichapwa, maana alifariki 1899 akiwa bado katika nchi yetu. Wapagazi waliomchukulia mizigo na Waluguru waliomwonyesha vijia hawakuachiwa hata jani moja lenye majina yao. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Na mimea iliyokaushwa na kupelekwa Berlin ikawaje? Machi 1943 jengo la Dahlem, mjini humo, lililoihifadhi lilipigwa mabomu, na mikusanyo mingi ya Afrika Mashariki ikateketea. Wataalamu wa baadaye, akiwemo Brian Burtt wa Edinburgh, walilazimika kuchambua upya jamii hii wakitegemea vielelezo vingine na mimea hai. Ghala kubwa la elimu liligeuka majivu, na mwamba wenye ukungu wa Uluguru ukabaki na mmea wake. Tukiuharibu mwamba huo, hatuna pa kuagizia mwingine.

Goetzeana ina shina linalotambaa juu ya jiwe lenye kuvumwani, vijani vidogo vya duara vyenye manyoya mafupi, na maua yaliyopauka. Katikati ya ua mna vifuko viwili vya njano vya chavua ambavyo havifunguki ovyo. Nyuki anayevishika na kutetemesha misuli yake ya kurukia ndiye anayetoa chavua. Wakulima wa Ulaya na Marekani wamepata taabu nayo, kwa kuwa haipendi joto la sebule zao. Hutaka ubaridi, kivuli na hewa yenye unyevu usiku na mchana. Je, hiyo si hali ya hewa ya Nyandira na Tchenzema, huko Mgeta katika milima hii? Watu wa Mgeta, ambao baridi yao inazaa plamu na pichesi zilizotoka mbali, wanayo mazingira ambayo wengine huyatengeneza kwa mitambo.

Utunzaji wake hauna mambo mengi. Chungu kiwe kipana, kifupi, chenye matundu. Kijazwe mboji ya majani yaliyooza na mchanga mkavu wa chenga kubwa, maana mizizi ikituama majini huoza. Kiwekwe barazani, upande usiopigwa na jua la mchana. Maji yamiminwe kwenye udongo, kwani matone baridi huacha madoa kwenye jani. Ukitaka kuzidisha mimea, kata kipande cha shina au jani pamoja na kikonyo chake, kichomeke kwenye mchanganyiko huohuo wenye unyevu, ukifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, kisha usubiri wiki kadhaa. Mkazi wa mjini, mwenye joto la Novemba, asijaribu. Hii ni ya milimani.

Lakini mche wa kwanza utoke wapi? Usitoke msituni kwa mkono wako. Tangu 2008 msitu huo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na mmea unaoishi kwenye miamba michache humalizwa na vikapu vichache tu. Wala sitaki amri. Mwaka 1955 Waluguru wa Matombo walikataa matuta ya kuhifadhi udongo waliyolazimishwa na wakoloni, na damu ikamwagika. Hifadhi inayoletwa kwa fimbo haidumu milimani kwetu.

Kwa hiyo ninawaomba Wakala wa Huduma za Misitu na Chuo Kikuu cha Sokoine wakusanye mbegu chache kwa kibali, waoteshe miche kitaluni, na wagawe ya kwanza kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kabla ya mfanyabiashara yeyote. Nawe msomaji wa Mgeta, ukilikuta ua hili mwambani, waonyeshe wanao, kisha liacheni hapohapo.