Elimu ya Mtoto wa Kike Pemba Enzi za Mwingereza (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1890, Mwingereza alipoziweka Unguja na Pemba chini ya himaya yake. Leo tuitazame skuli, na kwa nini wazee wa Pemba walisita kuwapeleka binti zao.

Kusoma walikuwa wakisoma. Mtoto wa kike alikwenda chuoni, akaanza alifu kwa ujiti juu ya ubao, akapanda juzuu kwa juzuu hadi akahitimu msahafu. Waliojaaliwa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Herufi za Kizungu ziliingia kwa mlango mwengine. Mwaka 1897, Sultani Hamoud alipotangaza kufutwa utumwa, Wakristo wa madhehebu ya Quaker walikuja Pemba kuwahudumia walioachwa huru, wakaweka misheni yao Banani. Mzee wa Kiislamu akaona skuli na kanisa vimeshuka jahazi moja.

Serikali ilianzisha Idara ya Elimu mwaka 1907, ikashughulika na wavulana. Wasichana walingoja miaka 20: skuli yao ya kwanza ya serikali ilifunguliwa 1927, tena Mjini Unguja. Wakubwa wa elimu walikwishajifunza kwamba bila Kurani kwenye ratiba, na bila mwalimu mwanamke darasani, mzazi hamtoi mwanawe.

Fundo la Pemba lilikuwa hapo. Mwalimu mwanamke hapatikani mpaka asomeshwe, na pa kumsomesha ni ng'ambo ya mkondo wa Nungwi. Mzazi wa Micheweni alitakiwa amvushe mwari wake bahari, akalale ugenini miaka kadhaa, arudi na upishi, ushoni na malezi. Mambo ambayo mama yake aliona anamfundisha nyumbani bure.

Karafuu nazo zilidai haki yao. Msimu ukifika, jioni nyumba nzima hukaa jamvini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, ili kesho zianikwe mapema. Binti akienda skuli, pengo lake huonekana usiku ule ule.

Watawala walizoea kuilaumu dini. Lakini wazee hawa ndio waliolipa ada za chuo kwa mabinti wao; walichokikataa ni masharti ya skuli. Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, sharti moja, la ada ya skuli, liliondoka. Yaliyobaki, masafa na uhaba wa walimu wanawake, tutayachambua wiki ijayo.