Namna ya Kuzitambua Nishani za Watawala wa Misri

Katika somo la leo tutajifunza namna ya kuzitambua nishani zilizotolewa na watawala wa Misri wa ukoo wa Muhammad Ali. Ufalme wao ulikwisha tarehe 18 Juni 1953, Jamhuri ilipotangazwa, lakini nishani zao zingali zikiuzwa kwa wakusanyaji, na za bandia zimechanganyika na za kweli. Anayenunua bila kujua hupoteza fedha yake, na tena huwarithisha watoto wake historia ya uongo.

Kanuni yetu ni hii: isome nishani kwanza; hadithi ya muuzaji uisikilize baadaye.

Tuanze na cheo. Tangu 1867 mtawala wa Misri aliitwa Khedive, chini ya Sultani wa Uturuki. Mwishoni mwa 1914 aliitwa Sultani, na tangu 1922 Mfalme. Basi nishani iliyoandikwa cheo cha Khedive haiwezi kuwa ya Mfalme Farouk, aliyetawala kuanzia 1936 hadi 1952.

Pili, mwaka. Aliyesoma chuoni na kuzijua herufi za Kiarabu ana faida kubwa hapa. Maneno husomwa kutoka kulia, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto. Kumbuka kwamba kiduara ni tano, na nukta ni sifuri. Mwaka huo mara nyingi ni wa Hijra. Kuugeuza, ugawanye kwa 33, toa jibu katika mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Kwa mfano, 1314 ukiugawanya kwa 33 wapata kama 40. Toa 40, yabaki 1274. Ongeza 622, wapata 1896. Hesabu hii yaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijra huanza katikati ya mwaka wetu.

Sasa tutazame nishani mbili. Ya kwanza ni Nyota ya Khedive Tewfik, waliyopewa askari wa vita vya 1882 na vilivyofuata. Ni nyota ya shaba nyeusi yenye ncha tano. Mbele ina Abul Hol, yule simba wa jiwe mwenye kichwa cha mtu, na piramidi nyuma yake. Nyuma ya nyota zimo herufi T na M zilizofungamana. Utepe wake ni buluu iliyoiva. Ziko zenye mwaka 1882, 1884, na 1884 hadi 1886, na ziko zisizo na mwaka. Hizo nazo ni za kweli. Zilitolewa bila jina la askari, kwa hiyo kukosa jina si kasoro.

Ya pili ni Nishani ya Sudani ya Khedive Abbas Hilmi wa Pili, iliyoanzishwa Februari 1897. Ni ya fedha, na nyingine ni za shaba. Ina jina lake kwa Kiarabu na mwaka 1314. Utepe wake ni manjano, na katikati una mstari wa buluu. Vipande vya majina ya vita vilivyo juu ya utepe vimeandikwa Kiingereza na Kiarabu. Ukiona lugha moja tu, shuku.

Tatu, chunguza kazi ya mkono. Nishani ya bandia mara nyingi humiminwa katika kalibu iliyochukuliwa kwenye nishani ya kweli. Madini yakipoa husinyaa, basi nakala huwa ndogo kidogo. Tazama kwa kioo cha kukuzia: herufi zimefifia, uso una vitundu, na ukingoni pana alama ya maungio. Pima upana na uzito, ulinganishe na ile iliyothibitishwa. Usiisugue, maana utaondoa ushahidi wa umri wake.

Mwisho, utepe na kasha visikudanganye. Nishani ya Nile, iliyoanzishwa 1915, mara nyingi huwa katika kasha lenye jina la Lattes, sonara wa Cairo. Lakini kasha la kweli laweza kutiwa nishani ya uongo. Tena Jamhuri iliendelea kutoa Nishani ya Nile, bila taji la kifalme.

Maswali ya kujadili:

1. Mwaka 1299 wa Hijra ni mwaka gani wetu?
2. Mtu akuletea nyota ya shaba yenye mwaka huo, na kusema Farouk alimpa babu yake. Utamjibu nini?
3. Kwa nini nakala huwa ndogo kuliko nishani yenyewe?