Baridi ya Bukavu haitoshi kuendesha seva

Mwaka 2013 Facebook ilifungua kituo cha data huko Luleå, kaskazini mwa Sweden. Sifa zote zilienda kwa baridi, maana hewa ya nje ndiyo inayopoza mashine. Ila umeme wa mto Lule nao ulichangia: haukatiki ovyo, na kampuni ikapunguza jenereta za akiba kwa takriban asilimia 70 ikilinganishwa na vituo vyake vya Marekani.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, nayo ina baridi na mto. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la wastani ni kama nyuzi 20. Chumba cha seva kinachopitishiwa hewa iliyochujwa vumbi kinaweza kuzima kiyoyozi usiku kucha. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapo hapo mjini. Bwawa la Ruzizi I, la mwaka 1958, lina uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II, la 1989, lina megawati 43.8, nazo ni za Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Ruzizi III, lililopangiwa megawati 206, bado linasubiriwa.

Hata hizo megawati chache zinanyongwa na takataka. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki huteremka kwenye mitaro ya Bukavu, huingia ziwani, kisha huelea hadi Mururu, penye bwawa, na kuziba njia ya maji ya Ruzizi I. Wapiga mbizi huingia kuzitoa kwa mikono, na mashine ikisimama mji mzima unaonja delestaje, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Kwa maoni yangu, kusafisha mitaro ni uwekezaji wa umeme sawa na kununua jenereta.

Tuchukue ofisi yenye seva za kilowati 5. Kuvuka giza la saa 10 kunahitaji kilowati-saa 50. Betri za risasi hazifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo utanunua za 100. Za lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi, hivyo zinatosha za 63 hivi. Za risasi ni rahisi kununua, lakini joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 umri wake hupungua nusu. Jenereta ya mazutu (dizeli) ibaki ya mwisho: isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 za mwinuko, basi Bukavu usiitarajie itoe yote iliyoandikwa kwenye kibati chake.

Ukishuka hadi Luvungi, kwenye barabara ya Uvira, hesabu inageuka. Bonde la Ruzizi ni la joto, kiyoyozi kinaongeza mzigo, na betri zinachoka mapema. Wenye vibanda vya kuchaji simu wanategemea paneli za jua. Mazutu huja kwa barabara hiyo hiyo, ambayo Desemba 2025 ilikuwa uwanja wa vita. Mnara wa simu ukiishiwa mafuta, wakala wa pesa za simu anafunga, na muuza mpunga halipwi.

Kwa hiyo seva zikae Bukavu, kwa umeme wa SNEL (shirika la umeme la Kongo), paneli na betri za lithiamu, na jenereta ndogo nyuma yake. Luvungi ipewe kwanza minara yenye paneli na betri zilizowekwa kivulini, isiyongoja lori la mazutu.